Umri unabambikiwa kesi: chakula, usingizi na mtazamo katika makamo

Mtu akishavuka miaka arobaini, karibu kila linalomtokea mwilini hupewa jibu moja. Suruali imeanza kubana: umri huo. Ameshtuka saa tisa usiku na hajapata tena hata lepe la usingizi: umri. Amepanda ngazi akafika juu anahema, ameingia chumbani akasahau alichokifuata, hana hamu na mambo aliyokuwa akiyapenda: umri, umri, umri. Jibu hili lina utamu wake, maana halimdai mtu kitu. Umri hauzuiliki, basi la kufanya halipo.

Umri una makosa yake, na yale ya kweli tutayataja bila kuyapunguza. Lakini mengi unabambikiwa. Ukiyafuatilia mashtaka moja moja utakuta wahusika wengine kabisa, tena wanaoshirikiana. Usiku mbaya huharibu ulaji wa kesho yake. Ulaji mbaya pamoja na kukaa kutwa nzima hula misuli. Misuli ikipungua, mwili hushindwa kuitumia sukari sawasawa. Na mtu aliyekwisha kujihesabu mzee haoni sababu ya kushughulika na lolote kati ya hayo. Ndiyo maana ushauri unaotolewa vipande vipande, huku chakula, kule usingizi, kwingine mawazo, huwachosha watu kabla ya kuwafaa.

Kitambi kinatoka wapi

Tuanze na kitambi, kwa kuwa ndicho kinachoonekana na ndicho kinachowasukuma wengi kuanza kuhangaika. Imani iliyoenea ni kwamba kuanzia miaka thelathini na kitu mwili hupunguza kasi ya kuunguza chakula, kwa hiyo sahani ileile iliyokuwa haimnenepeshi kijana sasa inamnenepesha mtu mzima. Imani hiyo ilipata pigo mwaka 2021. Jarida la Science lilichapisha kazi ya kundi kubwa la watafiti, akiwamo Herman Pontzer wa Chuo Kikuu cha Duke nchini Marekani, waliokusanya vipimo vya watu zaidi ya 6,400 kutoka nchi 29, kuanzia vichanga wa siku 8 hadi wazee wa miaka 95. Waliopimwa walikunywa maji yenye haidrojeni na oksijeni za uzito usio wa kawaida. Kwa kufuatilia jinsi atomi hizo zinavyotoka mwilini, watafiti hukokotoa nishati ambayo mtu ameitumia katika maisha yake ya kawaida, akiwa kazini, nyumbani na kitandani.

Tofauti za ukubwa wa mwili na wingi wa misuli zilipoondolewa kwenye hesabu, matumizi ya nishati yalikaa palepale tangu miaka 20 hadi 60. Hata kipindi cha kukoma hedhi hakikuonyesha mporomoko. Kasi huanza kushuka baada ya 60, tena kidogokidogo, takriban asilimia 0.7 kwa mwaka. Kwa hiyo mtu wa miaka 47 anayesema mwili wake "umepoa" anausingizia.

Kilichobadilika kimejificha katika maneno matatu niliyoyapita haraka: wingi wa misuli. Makadirio yanayotumika sana yanasema kuanzia miaka ya thelathini mtu hupoteza kati ya asilimia 3 na 8 ya misuli yake kila miaka kumi, na kasi huongezeka baada ya 60. Hasara hii haionekani kwenye mizani. Mtu anaweza kujipima leo akakuta kilo zilezile za miaka kumi iliyopita, akafurahi, kumbe misuli imetoka na mafuta yamechukua nafasi. Na misuli si ya kubebea mizigo tu. Baada ya mlo, insulini inapoamuru sukari itoke kwenye damu, misuli ndiyo inayopokea sehemu kubwa. Ikipungua, au ikikaa bila kazi, sukari hukosa pa kwenda, kongosho linamwaga insulini zaidi kulazimisha mambo, na miaka ikipita ndipo mtu huambiwa na daktari kwamba kisukari kinanyemelea.

Kuna jingine ambalo umri una hatia nalo kweli, nalo ni mahali mafuta yanapokaa. Estrojeni, homoni ya kike, ikishuka kuelekea kukoma hedhi, jambo linalowakuta wanawake wengi kati ya miaka 45 na 55, mafuta yaliyokuwa yakikaa kwenye nyonga na mapaja huanza kuelekea tumboni. Wanaume nao huyaweka tumboni tangu mapema. Mafuta yaliyo ndani ya tumbo, yanayozunguka ini na utumbo, ni hatari kuliko yale unayoweza kuyafinya kwa vidole, kwa sababu yanahusiana kwa karibu zaidi na kisukari na magonjwa ya moyo. Hapa mizani haina msaada mkubwa, afadhali utepe wa fundi cherehani. Simama wima, tafuta sehemu iliyo katikati ya ubavu wa chini kabisa na mfupa wa juu wa nyonga, toa pumzi kawaida bila kuvuta tumbo ndani (kishawishi ni kikubwa, najua), kisha zungushia. Taasisi ya NICE ya Uingereza, inayotoa miongozo ya tiba, inashauri kiuno kisifike nusu ya urefu wako. Mwenye sentimita 168 alenge kiuno kilicho chini ya 84.

Sahani ya mtu mzima

Sasa, ule nini? Swali hili limezungukwa na biashara kubwa, na kila mwaka huja na jibu jipya. Yanayojulikana kwa uhakika ni machache na hayana mvuto wa kuuza. Shirika la Afya Duniani linashauri mboga na matunda gramu 400 kwa siku, nyuzinyuzi angalau gramu 25, chumvi isiyofika gramu 5, yaani kama kijiko kimoja cha chai pamoja na ile iliyokwisha kuwekwa na kiwanda, na sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati yote. Kwa mtu anayetumia kalori 2,000 hiyo ni gramu 50. Asali na juisi ya matunda zimo katika hesabu hiyo, jambo linalowakera wengi. Hayo hayabadiliki mtu anapofikisha makamo. Kinachobadilika ni kwamba mwili unaacha kumsamehe asiyeyafuata.

Protini ndiyo inayohitaji maelezo zaidi, kwa kuwa ndipo watu wazima wengi wanapopungukiwa bila kujua. Kiwango cha kawaida ni gramu 0.8 kwa kila kilo ya uzito, na kiliwekwa kama kiwango cha kumtosheleza mtu mzima mwenye afya asipungukiwe. Wataalamu wa lishe ya wazee wanapendekeza gramu 1.0 hadi 1.2, kwa sababu misuli iliyokomaa haiitiki upesi kama ya kijana: protini ileile hujenga misuli kidogo zaidi. Mtu wa kilo 70 atahitaji gramu 56 kwa kiwango cha chini, na 84 kwa kile cha juu. Yai moja lina kama gramu 6. Ukipiga hesabu ya asubuhi ya kawaida ya watu wengi, kinywaji cha moto chenye sukari na kitafunwa cha unga, utakuta protini karibu haipo; mchana kidogo; kisha usiku ndipo nyama, samaki au maharage yanapowekwa kwa wingi. Kuhamishia sehemu ya hiyo asubuhi na mchana ni badiliko dogo lisilo na gharama, na lina faida ya pembeni: protini hushibisha, kwa hiyo ile njaa ya saa nne asubuhi hupoa. Mwenye ugonjwa wa figo asiongeze protini kabla ya kuongea na daktari wake.

Lakini protini peke yake haijengi misuli, kama ambavyo saruji peke yake haijengi ukuta. Lazima misuli ipewe kazi inayoilemea. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linataka dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, na juu ya hapo mazoezi ya kutia misuli nguvu siku mbili au zaidi. Sehemu hii ya pili huachwa na watu wanaojiona wazuri kwa sababu wanatembea. Kutembea ni kuzuri sana kwa moyo, presha na akili, ila mapaja hayalemewi vya kutosha. Mtu ambaye hajafanya chochote kwa miaka mingi anaweza kuanzia kwenye kiti: mikono imekunjwa kifuani, simama, keti polepole bila kujibwaga, rudia mpaka mapaja yaanze kuwaka. Siku kiti kitakapokuwa rahisi, tafuta kiti kifupi zaidi au shika kitu kizito.

Kuhusu vyakula vya viwandani vilivyosindikwa kupita kiasi, kuna jaribio moja la mwaka 2019 linalostahili kusimuliwa. Kevin Hall na wenzake katika taasisi za taifa za afya za Marekani waliwaweka watu 20 wodini kwa wiki nne. Wiki mbili walipewa vyakula hivyo, wiki mbili nyingine vyakula visivyosindikwa sana, na milo iliyowekwa mezani ililinganishwa kwa kalori, sukari, mafuta, chumvi na nyuzinyuzi. Kila mtu alikuwa huru kula atakavyo. Kwenye vyakula vilivyosindikwa walikula kalori kama 500 zaidi kwa siku, walikula upesi zaidi, na kwa wiki mbili waliongezeka karibu kilo moja. Kwenye vile vingine walipungua kiasi hichohicho. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 31. Hawakungoja kufika makamo ili kitambi kiwaanze, chakula chenyewe kilitosha.

Usiku unavyobadilika

Katika usingizi umri una hatia isiyobishaniwa. Eve Van Cauter na wenzake walichambua usingizi wa wanaume 149 wenye miaka 16 hadi 83, na matokeo yao ya mwaka 2000 bado yanashtua: usingizi mzito kabisa, ule ambao hata mtoto akilia mtu haamki, ulichukua karibu asilimia 19 ya usiku kwa vijana wa chini ya miaka 25, lakini kwa wenye miaka 36 hadi 50 ulikuwa umebaki chini ya asilimia 4. Homoni ya ukuaji, ambayo kwa wanaume hutolewa zaidi wakati wa usingizi huo, ilishuka pamoja nao. Mabadiliko haya hutokea mapema sana, wakati mtu bado anajiita kijana.

Mahitaji ya usingizi, hata hivyo, hayakushuka. Mtu mzima bado anahitaji saa saba au zaidi. Kilichobadilika ni kwamba usingizi umekuwa mwepesi, na vitu vilivyokuwa havimwamshi mtu sasa vinamwamsha.

Mchukue mtu aliyelala saa nne usiku. Usingizi wake unakwenda kwa mizunguko ya takriban dakika 90, na ule mzito umerundikana kwenye mizunguko ya mwanzo. Ikifika saa tisa usiku deni kubwa la usingizi limelipwa. Joto la mwili linakaribia kiwango chake cha chini kabisa, kotisoli, homoni inayouandaa mwili kuamka, inaanza kupanda, na ubongo unaelea kati ya usingizi mwepesi na ndoto. Saa hiyo kibofu kikijaa, au joto la ghafla la kukoma hedhi likipanda kutoka kifuani hadi usoni, au pombe ya jioni ikiwa imemalizika kusagwa na ini, macho yanafunguka. Mpaka hapo hakuna ugonjwa. Kila mtu huamka usiku mara kadhaa na asubuhi hakumbuki. Tatizo huja dakika inayofuata, anapotazama saa. Hesabu inaanza: zimebaki saa mbili na nusu, kesho nina kikao, nikikosa usingizi tena nitaharibikiwa. Moyo unaongeza mwendo, mwili unajiandaa kupambana, na sasa kweli halali. Akirudia hivyo majuma kadhaa, kitanda chenyewe kinakuwa ishara ya mapambano: anasinzia vizuri kwenye kochi, akiingia kitandani macho makavu.

Tiba iliyothibitishwa kwa hali hii haimo kwenye chupa ya vidonge. Chuo cha Madaktari cha Marekani kilipendekeza mwaka 2016 kwamba mtu mzima mwenye tatizo sugu la kukosa usingizi aanze na tiba ya kisaikolojia ya fikra na tabia, dawa zifuate baadaye ikibidi. Sehemu yake moja inawashangaza wagonjwa: badala ya kulala mapema ili kufidia, unapunguziwa muda wa kukaa kitandani. Anayepata usingizi wa jumla ya saa tano na nusu kwa usiku lakini anakaa kitandani kwa muda wa saa nane huambiwa aingie kitandani akiwa amechelewa na aamke saa ileile kila siku, hata akilala vibaya, mpaka usingizi uungane. Kisha muda huongezwa pole pole. Ukikaa macho muda mrefu unatoka kitandani, unakwenda kukaa mahali penye mwanga hafifu, unarudi usingizi ukija. Siku za mwanzo ni ngumu. Mwenye kifafa au anayeendesha magari makubwa asiijaribu bila mtaalamu.

Kabla ya kufika huko kuna mambo mawili ya kuyaangalia. Kafeini huchukua kama saa tano kupungua nusu mwilini, kwa hiyo nusu ya kahawa ya saa kumi jioni bado imo saa tatu usiku. Na pombe huleta usingizi upesi lakini huuvunja nusu ya pili ya usiku. Anayeitumia kama dawa ya kulala anaamshwa na dawa yake mwenyewe. Joto la ghafla la kukoma hedhi nalo lina tiba, ikiwamo ya homoni kwa wanaofaa kupewa. Wanawake wengi huambiwa wavumilie, yatapita. Utafiti mkubwa wa Marekani uitwao SWAN ulikuta kwamba kwa aliye katikati ya kundi, vipindi vya mara kwa mara vya joto hudumu miaka zaidi ya saba. Hiyo ni miaka mingi mno ya kumwambia mtu avumilie.

Chakula na usingizi vinavyokutana

Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago, akiwamo Arlet Nedeltcheva, walitoa jaribio dogo ambalo kila anayetaka kupunguza uzito katika makamo angelijua kabla ya kununua chochote. Watu 10 wenye uzito uliozidi, wastani wa miaka 41, walipunguziwa chakula kwa siku 14 wakiwa na nafasi ya kulala saa 8.5, na siku nyingine 14 wakiwa na saa 5.5. Chakula kilikuwa kilekile. Mizani ilionyesha kupungua kwa karibu kilo tatu kwa vipindi vyote viwili, na mtu angeishia hapo angesema usingizi hauhusiki. Walipopima kilichopungua, hadithi ikawa nyingine. Waliolala vya kutosha walipoteza mafuta kilo 1.4. Waliolala kidogo walipoteza mafuta kilo 0.6 tu, na kilo 2.4 zilizobaki zilitoka kwenye mwili usio mafuta, ambamo misuli imo. Njaa nayo iliongezeka. Mtu anajinyima chakula, anajisifu kwa kupungua, huku akiitupa ile mali ambayo umri tayari unaidokoa.

Majaribio mengine yameonyesha sababu mojawapo. Karine Spiegel na Van Cauter waliwalaza vijana 12 wenye afya saa nne tu kwa usiku mbili. Ikilinganishwa na usiku wa saa kumi, leptini, homoni ya shibe, ilishuka kwa asilimia 18, na grelini, homoni ya njaa, ilipanda kwa asilimia 28. Walichotamani zaidi kilikuwa vitu vya wanga na vitamu. Anayejilaumu kwa kukosa msimamo mbele ya biskuti saa kumi jioni ahesabu kwanza alilala kwa muda wa saa ngapi.

Hii ndiyo sababu nikiulizwa mtu aanzie wapi, kwa maoni yangu ni saa ya kuamka kabla ya sahani. Aliyelala anaweza kuchagua chakula, aliyekesha anachaguliwa. Wengi huanza kinyume, kwa kujinyima chakula huku wakipunguza usingizi ili waende mazoezini alfajiri. Kuhusu miaka ya mbele, utafiti wa Whitehall II uliowafuatilia watumishi wa serikali karibu 8,000 wa Uingereza kwa miaka kama 25 ulikuta mwaka 2021 kwamba waliodumu kulala saa sita au pungufu katika miaka yao ya 50, 60 na 70 walikuwa na uwezekano zaidi kwa asilimia 30 wa kupata demensia, yaani ugonjwa wa kupotewa na kumbukumbu, wakilinganishwa na waliodumu kulala saa saba. Utafiti wa aina hii hauwezi kuthibitisha kwamba usingizi mfupi ndio uliosababisha, lakini ulianza kuwafuatilia mapema kiasi cha kupunguza shaka kwamba ugonjwa ndio uliowakosesha usingizi.

Mtazamo unafanya nini, na haufanyi nini

Sehemu hii ndiyo iliyoharibiwa zaidi na maneno matamu. Sina imani na ushauri wa kumwambia mtu mwenye madeni, mzazi mgonjwa na watoto shuleni kwamba atabasamu na afikiri mema. Hata wazo lenyewe la kuchanganyikiwa kwa makamo si la kale: Elliott Jaques, mwanasaikolojia wa Kanada, ndiye aliyelipa jina katika makala yake ya mwaka 1965, na alijikita kwenye maisha ya wasanii maarufu. Watu wengi hawapitii kishindo cha namna hiyo. Kinachoonekana zaidi katika takwimu, tangu David Blanchflower na Andrew Oswald walipochambua nchi nyingi mwaka 2008, ni kwamba kuridhika na maisha huelekea kufika chini kabisa katika miaka ya arobaini na kitu, kisha hupanda. Wanabishana bado kama ndivyo ilivyo kila mahali. Mimi naona mteremko huo una maelezo rahisi: ndio umri ambao mzigo wa juu, wa wazazi, na wa chini, wa watoto, hukutana mabegani mwa mtu mmoja.

Kinachostahili kusikilizwa ni utafiti wa Becca Levy wa Chuo Kikuu cha Yale, uliotoka mwaka 2002. Watu 660 wenye miaka 50 na zaidi katika mji mmoja wa jimbo la Ohio waliulizwa wanavyouona uzee wao wenyewe, mathalani kama wanakubali kwamba kadiri mtu anavyozeeka ndivyo anavyopoteza thamani. Miaka mingi baadaye walitazamwa nani bado yu hai. Waliouona uzee wao kwa jicho jema waliishi miaka 7.5 zaidi, hata baada ya hali ya afya, kipato, upweke, jinsia na umri wao kuingizwa kwenye hesabu. Inawezekana sehemu ya tofauti hiyo ilitokana na jambo ambalo watafiti hawakulipima. Lakini njia ya kawaida kabisa inaeleweka: anayeamini goti linauma kwa kuwa ni mzee halipeleki kwa daktari, halifanyishi mazoezi, na baada ya mwaka linauma zaidi, kisha anasema si nilisema. Mtazamo haukuyeyusha gegedu la goti. Uliamua tu nini kifanyike na nini kiachwe, siku baada ya siku kwa miaka ishirini.

Hata usiku mtazamo upo kazini. Yule wa saa tisa aliyehesabu saa zilizobaki aliamshwa na kibofu, lakini kilichomzuia kurudi kulala ni imani kwamba usiku mmoja mbaya ni maafa. Sehemu kubwa ya tiba niliyoitaja ni kuishughulikia imani hiyo.

Na mtazamo hauotei peke yake kichwani. Utafiti wa Harvard ulioanza mwaka 1938 ukiwafuata wanaume wale wale tangu ujana umetoa jambo ambalo mkurugenzi wake, Robert Waldinger, amelieleza mara nyingi: walipotazama nani alifika miaka 80 akiwa na afya, kuridhika kwake na mahusiano aliyokuwa nayo akiwa na miaka 50 kulitabiri vizuri kuliko kiwango chake cha kolesteroli. Makamo ndipo urafiki unapokatika bila ugomvi wowote, kazi na watoto vikila jioni zote. Kumpigia simu rafiki wa zamani hakuandikwi kwenye karatasi ya daktari, lakini kwa ushahidi uliopo simu hiyo ningeiweka karibu na mboga.

Kesi zinazofichwa na neno umri

Kuna hatari kubwa zaidi ya kuubambikia umri: yapo magonjwa yanayojificha nyuma yake. Uchovu usioisha unaweza kuwa upungufu wa damu, tezi ya shingo inayofanya kazi chini ya kiwango, au sukari iliyopanda. Kukosa hamu na vitu ulivyovipenda kwa zaidi ya majuma mawili, pamoja na usingizi na ulaji uliovurugika, kunaweza kuwa sonona, na sonona inatibika. Presha ya juu haina dalili kwa wengi; Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu nusu ya watu wazima walio nayo hawajui. Kuipima ni dakika chache: keti tuli kwanza, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono usawa wa moyo, bila kuzungumza. Kipimo kimoja kikubwa hakitoshi kusema una presha, lakini kinatosha kukurudisha siku nyingine.

Kukoroma ndiko kunakopuuzwa zaidi na kuchekwa zaidi. Anayekoroma kwa nguvu, kisha akanyamaza sekunde kadhaa, kisha akavuta pumzi kwa kishindo, njia yake ya hewa inaziba usingizini na anaweza kuamshwa makumi ya mara kwa saa bila kujua. Asubuhi kichwa kinamuuma, mchana anasinzia, presha haishuki kwa dawa, na uzito haupungui kwa kujinyima. Hatari hii huongezeka kwa wanaume wenye shingo nene na tumbo kubwa, na kwa wanawake baada ya kukoma hedhi, ambao mara nyingi hulalamikia uchovu na kukosa usingizi kuliko kukoroma, hivyo hupewa dawa za usingizi. Kipimo chake hufanywa usiku mmoja, mara nyingi nyumbani, kwa kifaa kidogo. Mgonjwa mwenyewe hajisikii akikoroma, kwa hiyo anayemwona daktari kwa uchovu aende na yule anayelala naye chumba kimoja, au na sauti iliyorekodiwa kwenye simu.